Kuchagua gunia la ngumi la nyumbani Lamu: anza na dari, duka baadaye

Wengi wanaotaka gunia la ngumi huanzia dukani. Huangalia rangi, nembo na bei, wakalipa, na gunia likishafika nyumbani ndipo wanapoinua macho kutafuta pa kulitundika. Kwa Lamu mpango huo hauendi. Dari zetu nyingi hazikujengwa kubeba kitu kinachobembea, hewa ina chumvi inayokula chuma usiku na mchana, na mzigo wa kilo 40 hupanda basi hadi Mokowe, ukaingia boti, ukashushwa gatini, kisha mkokoteni au punda ndio auingize mitaani. Kila mkono unaougusa unalipwa. Basi tafuta kwanza pa kutundikia, kisha amua uzito na urefu, kisha ganda na vyuma, ndipo ununue. Na ukinunua, nunua ganda tupu. Uzito utautia mwenyewe, tena kwa vitambaa ambavyo fundi cherehani wa mtaani angevitupa.

PA KUTUNDIKIA

Gunia la kilo 35 likiwa limetulia linavuta kilo 35. Likipigwa likabembea, mvuto unaongezeka, na likipanda juu sana unaweza kufika mara mbili hata tatu ya uzito wake. Tena halivuti kwenda chini tu. Linavuta kushoto, kulia, mbele na nyuma, mamia ya mara kwa jioni moja, na huko kuyumba ndiko kunakolegeza bolti iliyoonekana imara siku ya kwanza. Kipimo cha kufuata: mahali pa kutundikia pabebe mara nne ya uzito wa gunia bila kulia wala kupinda. Kwa kilo 35 ni kilo 140, yaani watu wazima wawili wakining'inia pamoja. Wajaribu hivyo kweli, nyayo zao zikiwa shubiri moja tu kutoka sakafuni na godoro limetandikwa chini.

Kama unakaa kwenye nyumba ya kale ya matumbawe na chokaa, mtaa wa Mkomani au kwingineko, usitoboe dari. Boriti zile za mkoko zinabeba vipande vya mawe na tabaka nene la chokaa, na upande wa chini wa boriti, katikati ya chumba, ndipo inapovutwa zaidi. Tundu la milimita 12 hapo linakata nyuzi zinazofanya kazi kuliko zote. Nyingine zimeshaliwa na mchwa ndani huku nje chokaa kinaficha. Kamba nayo haizunguki, kwa kuwa mawe yamelala juu ya boriti bila upenyo. Isitoshe, Mji wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kugusa jengo lake ni jambo la kuulizia kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, nako usipatamani. Ni kweli pana kivuli na upepo, lakini ni njia ya watu na punda, na boriti zile ni sakafu ya chumba cha mtu.

Hata kama dari ingekubali, chumba chenyewe kingekataa. Upana wa vyumba vile ulifuata urefu wa boriti, kwa hiyo ni virefu na vyembamba, vingi havifiki mita 3. Gunia linataka duara la mita 2.5 hadi 3 upate kulizunguka, la sivyo utajifunza kupigana umesimama mahali pamoja, na kila likibembea linakwaruza lipu. Kwenye nyumba ya kale tafuta kiwanda, yaani uwanja wa ndani ya nyumba usio na paa, au ua, utumie utatu wa miti ulioelezwa hapo chini.

Nyumba mpya yenye slabu ya zege ni rahisi zaidi. Usitegemee ndoano moja iliyopigwa katikati. Tumia bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15, unene wa milimita 6, lenye pete iliyochomelewa, ulifunge kwa bolti 4 za kutanuka za milimita 10 zilizoingia kwenye zege lenyewe angalau sentimita 7. Lipu haihesabiki. Kabla ya kutoboa jua waya za umeme zimepita wapi. Halafu iangalie slabu kwa makini: ikiwa na madoa ya kutu, nyufa zinazofuata mstari wa nondo, au vipande vinavyobanduka, nondo zimeshashikwa na chumvi. Huenda zege lilikorogwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa. Usitundike hapo, na mwambie mwenye nyumba.

Ukuta wa mawe ya kuchimba, yale mabloki ya matumbawe yanayokatwa kwa msumeno, ni laini. Bolti ya kutanuka ikikazwa ndani yake inasaga jiwe na kuacha unga. Kama lazima utumie mkono wa chuma unaotoka ukutani, bolti zitoboe ukuta mzima na kukazwa kwenye bamba la pili upande wa nje. Mkono wenyewe usipungue sentimita 60, maana gunia lina nusu kipenyo cha sentimita 17 na lazima libembee bila kugonga.

Paa la makuti liache. Miti yake ya mvinje imefungwa kubeba makuti na kuhimili upepo. Gunia likianza kuyumba hulegeza vifungo, na mvua ya kwanza ya masika itakuonyesha ni vipi.

Mti ulio hai ni mahali pazuri kuliko watu wanavyofikiri. Tawi la mwembe, mkungu au mwarobaini lenye unene wa sentimita 15 au zaidi linabeba bila taabu, mradi utundike ndani ya mita moja kutoka shinani. Funika tawi kwa kipande cha tairi kuukuu ili kamba isikate gome. Mnazi hauna tawi, na wako wanaofunga gunia kwenye shina lake wakidhani wamepata gunia la ukutani. Utavunja kiganja, na nazi ikianguka haitazami nani yuko chini.

UTATU WA BORITI

Hii ndiyo njia tunayoipendelea kwa ua na kiwanda cha Lamu, kwa sababu haitoboi kitu na vifaa vyote vinapatikana kisiwani. Unahitaji boriti 3 za mkoko zilizonyooka, urefu wa mita 3, unene wa sentimita 11 hadi 13. Mazio na pau, miti midogo ya mkoko, ni nyembamba mno. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya msitu.

Zilaze chini sambamba. Sentimita 30 kutoka vichwani, zifunge kwa kamba ya nailoni ya milimita 10, ukiipitisha juu ya moja na chini ya inayofuata kwa mizunguko 7, kisha kaza katikati ya miti kwa mizunguko 2 kila upande. Usikaze mno mizunguko ya kwanza, ama miti haitafunguka. Simamisha, tanua miguu mpaka nafasi kati ya mguu na mguu iwe mita 2. Fundo litakuwa kama mita 2.4 kutoka ardhini. Sasa funga kamba chini kuunganisha miguu yote mitatu, sentimita 20 kutoka sakafuni. Kamba hii wengi huisahau. Kwenye mchanga miguu hujichimbia yenyewe, lakini kwenye sakafu ya chokaa au simenti hukimbia pole pole kila gunia linapobembea, na utatu hushuka bila kishindo mpaka siku unapoanguka.

Mateke hayafai hapa. Nafasi kati ya miguu ya utatu, usawa wa kiuno, ni kama mita 1.2 tu, na mguu wako utakutana na mti kabla ya kukutana na gunia.

GUNIA LA KUSIMAMA

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa wala hana ua anaweza kununua gunia linalosimama juu ya kitako cha plastiki. Kitako cha lita 100 kikijazwa maji ni kilo 100. Kikijazwa mchanga mkavu ni karibu kilo 160. Mchanga ni bora, ila usiuchote Shela. Vilima vile vya mchanga ndivyo vinavyochuja mvua na kuhifadhi maji matamu yanayonywewa Lamu. Nunua mchanga wa ujenzi. Na kilo 160 zilizokaa juu ya duara dogo usizipandishe orofa ya nyumba ya kale.

Kasoro ya gunia hili ni shingo yake. Likiachwa juani, plastiki hukakamaa na kupasuka pale mwili unapoingia kwenye kitako. Pia mtu wa kilo 80 anayepiga kwa nguvu atalisukuma ua mzima. Kwa anayeanza, kwa watoto na kwa mazoezi ya wepesi, linatosha.

UZITO

Wakufunzi wengi hutumia nusu ya uzito wa mwili. Bondia wa ridhaa wa uzito wa zamani wa welta, kilo 67, uzito aliochezea Mkenya Robert Wangila alipoleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul 1988, angetumia gunia la kilo 33 hivi. Mtu wa kilo 80, gunia la kilo 40. Anayepiga na mateke aongeze kilo 5 hadi 10.

Gunia jepesi mno huruka. Unapiga moja, linaenda. Unasubiri lirudi, na pole pole unazoea kusukuma badala ya kupiga. Zito mno halisogei kabisa, na nguvu uliyoitoa inakurudia kwenye kifundo cha mkono, kiwiko na bega. Kati ya makosa haya mawili afadhali la kwanza, kwa sababu gunia jepesi linaongezwa uzito na kiganja kilichovunjika hakirekebishiki kwa kamba.

Nyumba yenye wapigaji wawili, mmoja kilo 55 na mwingine 85, ichague kilo 33 hadi 35. Yule mzito atalifunga gunia chini kwa kamba fupi kwenye dumu la mchanga la kilo 10, litulie. Mtoto wa chini ya miaka 14 atafutiwe lake la kilo 12 hadi 18, laini, lisilo na mchanga kabisa.

UREFU NA UPANA

Kwa ngumi tupu, urefu wa sentimita 100 hadi 120 na kipenyo cha 35 ndicho kipimo cha kati. La kipenyo cha 30 linabembea haraka na linakosewa kwa urahisi, jambo ambalo kwa mzoefu ni faida. Magunia marefu ya sentimita 180 ni ya mateke ya chini. Kama hupigi mapaja na magoti, nusu ya gunia hilo umeibeba bure kutoka Mombasa.

GANDA, NA VITA VYAKE NA CHUMVI

Ngozi halisi ndiyo inayosifiwa na matangazo. Hapa Lamu ngozi hiyo huota kuvu. Wakati wa kusi na masika, chumba kikifungwa siku mbili tatu, utaikuta ina ukungu wa kijani, na ukiupangusa kwa maji unauzidisha. Mwenye ngozi aipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi na kuipaka mafuta ya ngozi kila mwezi. Kama hutaweza, usiinunue.

Ngozi ya bandia ya bei nafuu hubanduka magamba, hasa pale jua linapoingia. Bonyeza kwa kidole gumba kisha kunja: ikitoa mikunjo midogo kama karatasi, haitamaliza mwaka. Ile nene yenye kitambaa cha nyavu upande wa nyuma hudumu vizuri.

Turubai la lori halipitishi maji, kwa hiyo ndilo la kutundika uani pasipo paa. Ubaya wake ni joto na utelezi likilowa jasho. Maradufu, nguo nzito ya matanga, hupumua, haitelezi, na ikichanika inashonwa. Inakwaruza ngozi ya vidole, basi usiipige mkono mtupu. Kwa gunia la barazani au ndani, maradufu ndiyo chaguo letu, na Lamu ina kitu ambacho miji mingi haina: mafundi wa matanga wanaojua kushona nguo hiyo ihimili upepo wa kaskazi. Mpe fundi vipimo hivi kwa gunia la urefu wa sentimita 110 na kipenyo cha 35.

Mwili: kipande cha urefu wa sentimita 120 na upana wa 114, matabaka mawili. Kitako: duara la kipenyo cha sentimita 39, matabaka matatu. Kanda: mbili za nailoni, upana wa sentimita 5, urefu wa mita 3 kila moja. Zipishane msalaba chini ya kitako, zipande pande nne, sentimita 27 na nusu kutoka katikati ya kanda moja hadi katikati ya inayofuata. Mwambie azipitishe katikati ya matabaka, zisikutane na vidole vyako. Kila ncha ikunjwe sentimita 15 kwenye pete ya chuma na kushonwa mraba wenye msalaba ndani. Uzi uwe wa nailoni uliopakwa nta, na kila mshono upitiwe mara mbili. Mdomo ukunjwe sentimita 8 upitishiwe kamba ya kufungia.

Kosa linalorudiwa na mafundi wasiojua gunia ni kushona kanda fupi kwenye ukingo wa juu tu. Uzito wote unaning'inia kwenye sentimita 10 za uzi, na siku mshono ukifumuka unafumuka wote. Kanda zikipita chini ya kitako, gunia limekaa ndani yake kama mtoto kwenye mbeleko.

UKIWA DUKANI

Gunia la dukani likague kwa kasoro hiyo hiyo: fuata kila kanda kwa kidole uone inaishia wapi. Pete ziwe zimechomelewa. Iliyokunjwa tu ikaacha mwanya itafunguka. Hesabu mishono, mitatu kwa sentimita moja inatosha. Zipu iwe na kifuniko, vinginevyo itakuchana. Kama limeshajazwa, libonyeze kwa kiwiko juu, katikati na chini. Chini pakiwa jiwe na juu pakiwa mto, kilichomo kimeshuka au kuna mchanga, na muuzaji atakwambia ndivyo magunia yalivyo. Sivyo. Halafu sukuma pua kwenye zipu unuse. Vitambaa vilivyofungwa na unyevu hutoa harufu ambayo haitaondoka.

KUJAZA

Gunia la vipimo tulivyotaja lina nafasi ya lita 105 hivi. Ukilijaza mchanga mtupu litakaribia kilo 170, na hata robo yake ikiwa mchanga ulioachwa huru itashuka chini baada ya wiki chache na kuwa kama saruji. Vumbi la randa kutoka kwa waundaji majahazi hunyonya unyevu na kugandamana. Makumbi ya nazi ni mepesi na huoza. Nyavu kuukuu ziache, hata ukizifua mara tatu gunia litakuwa na harufu ya papa. Kinachofaa ni nguo.

Kwa gunia la kilo 33: ganda na vyuma kama kilo 3, nguo kavu kilo 26, mchanga kilo 4. Leso, vikoi, kanzu, mashuka na vipande vya fundi cherehani vyote vinafaa. Ng'oa vifungo, zipu na vishikizo vyote. Kifungo kimoja cha chuma kinaweza kusafiri ndani kwa miezi mpaka kikutane na kifundo cha kidole. Nguo zianikwe jua kali siku nzima kabla ya kuingia, na kazi hii ifanywe kaskazi, si wakati wa mvua.

1. Kata nguo vipande vya ukubwa wa kiganja hadi shubiri mbili. Nguo nzima nzima huacha mifuko ya hewa, na ngumi huigundua.

2. Tia mchanga mkavu uliooshwa kwenye mifuko midogo ya maradufu, kilo 1 kila mmoja, ushonwe mara mbili. Kama huna, tumia kipande cha tyubu ya pikipiki kilichofungwa ncha zote mbili. Soksi moja haitoshi, hupasuka.

3. Tundika gunia wazi au lisimamishe kwenye pembe ya ukuta, mtu mmoja akishika mdomo. Tia nguo unene wa sentimita 10, kisha twanga kwa mchi wa kinu. Anza pembezoni, malizia katikati, kwa sababu nguo hukimbilia pale mchi usipofika. Tabaka likishuka nusu, ongeza lingine.

4. Ukifika sentimita 30 kutoka kitakoni, weka mfuko wa kwanza wa mchanga katikati kabisa, uuzungushie nguo pande zote. Mingine ifuate kila baada ya sentimita 20. Mchanga usikaribie ganda chini ya sentimita 10.

5. Kila sentimita 30 linyanyueni na kuliachia kitako kigonge chini mara kumi, kisha lipapase lote. Pakiwa na uvimbe, ganda lilikunjwa. Toa nguo mpaka hapo uanze tena. Hutalirekebisha kwa nje.

6. Acha sentimita 8 juu, funika kwa duara la maradufu, kaza kamba ya mdomo.

Kazi hii huchukua nusu siku kwa watu wawili, na aliyesema itaisha kabla ya adhuhuri hajawahi kutwanga. Baada ya wiki mbili za kupigwa, nguo zitashuka sentimita 5 hadi 10. Fungua, jazia, twanga. Baada ya hapo halitashuka sana tena.

VYUMA

Minyororo inayokuja na magunia ya bei nafuu imepakwa rangi ya kung'aa tu, na kwa hewa ya hapa hutoa kutu mapema. Mnyororo wa zinki wa milimita 6 hadi 8 ni bora, lakini zinki hulika pale viungo vinapogusana. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kile kinachofungwa kwenye mashua, hudumu kuliko vyote na huuzwa na wanaouza vifaa vya boti. Ni ghali, ila unahitaji vipande vichache: minyororo minne mifupi, shakeli (kiungo cha umbo la U) ya pini ya skrubu, na kizungushio, kiungo kinachojizungusha chenyewe. Kizungushio usikiache ili kupunguza gharama. Bila hicho gunia likizunguka linasokota minyororo, na minyororo iliyosokotwa inavunja pete.

Pini ya shakeli ifunge kwa waya mwembamba. Kubembea hufungua skrubu, hata ile uliyoikaza kwa spana.

Chini ya slabu ongeza springi kati ya bamba na mnyororo. Inapunguza mshtuko kwa bolti na kelele kwa wanaokaa juu. Kelele zenyewe usizidharau: vishindo vya ngumi husafiri kupitia sakafu kuliko kupitia ukuta, na jirani aliyerudi kulala baada ya swala ya alfajiri ana haki yake.

USAWA WA KUTUNDIKA

Kitako cha gunia kiwe shubiri moja chini ya kitovu chako. Kwa mtu wa sentimita 170 hiyo ni kama sentimita 80 kutoka sakafuni, na kichwa cha gunia la sentimita 110 kitafika 190, kidogo juu ya kichwa chako. Hapo ngumi ya uso, ya kifua na ya mbavu zote zina mahali. Juu mno, utapiga mbavu hewani. Chini mno, ngumi za uso zitakutana na minyororo.

Kwenye utatu wa mita 2.4 mnyororo wa jumla wa sentimita 50 unatosha. Kwenye dari ya mita 3 utahitaji mita 1.1, na mnyororo mrefu hivyo hulipeleka gunia mbali. Lifunge chini kwenye dumu.

MIKONO

Bandeji za mita 4.5 kila mkono, glavu za aunsi 12 kwa mwepesi, 14 au 16 kwa aliyepita kilo 70. Zungusha kifundo cha mkono mara tatu, kisha vifundo vya vidole mara tatu, pitisha katikati ya vidole, malizia kwenye kifundo cha mkono. Mifupa inayovunjika zaidi ni ya kidole cha pete na cha mwisho, kwa sababu anayeanza hutua na upande huo. Lenga vifundo viwili vya kwanza, kiganja na mkono vikiwa mstari mmoja. Wiki ya kwanza piga raundi 3 za dakika 2 kwa nusu ya nguvu. Kiganja kikiuma siku ya pili, tazama kwanza kama gunia ni gumu mno kitakoni.

KULITUNZA

Baada ya kila zoezi pangusa jasho kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, kisha kikavu. Vyuma vipangusie maji matamu mara moja kwa wiki na kuvipaka grisi kwenye viungo. Mafuta ya papa, yale yaitwayo sifa yanayopakwa majahazi, yanazuia kutu kweli, lakini utafanya mazoezi peke yako.

Kila mwezi shusha gunia utazame pale kiungo kinapolalia kiungo. Mnyororo wa milimita 8 uliolika milimita 1 utupe. Tazama kanda chini ya kitako, nyuzi za pete, na kwenye utatu, kamba ya miguu na fundo la juu. Nailoni iliyofifia rangi na kuwa na manyoya imeshaliwa na jua. Masika yakianza, gunia la uani lisilo na paa lishushwe, lisimamishwe juu ya ubao, si juu ya sakafu, na mdomo uachwe wazi lipumue.